Leo Mwezi Ngapi? Kuchagua Msimu wa Kwenda Lamu na Familia

Kila shule zinapokaribia kufungwa, maswali mawili huzuka katika nyumba nyingi za Mombasa, Kilifi na Malindi: tuwapeleke wapi watoto, na twende lini? La kwanza aghalabu halina taabu. Mwenye jamaa Lamu huwaza Lamu, na asiye na jamaa huko huwaza Lamu vile vile, kwa kuwa ni kisiwa ambacho mtoto huamshwa na adhana inayotoka pande zote, hucheza vichochoroni siku nzima bila mama kuogopa gari, na hula barazani kwa watu pasipo mtu kuuliza kama chakula ni halali. La pili ndilo tunalolijibu kwa pupa. Tunatazama tarehe ya kufunga shule, tunatazama mfuko, kisha tunafunga mizigo.

Mawakala wa utalii wanalo jibu lililokwisha kutayarishwa. Watakuambia uende kati ya Desemba na Machi, au kati ya Julai na Oktoba, na ujiepushe na Aprili, Mei na Juni. Jibu hilo lina ukweli wake, ila aliyeandikiwa ni mgeni anayekuja kuota jua, anayeingia baharini adhuhuri mbele ya kadamnasi, asiyehesabu Ramadhani, na asiyesafiri na mama wa miaka 70 mwenye magoti yanayomsumbua. Familia zetu husafiri na kalenda tatu kwa wakati mmoja: ya pepo, ya shule na ya mwezi. Mwenye hoteli anazijua mbili za kwanza. Ya tatu tumepewa na msikiti, imetundikwa ukutani jikoni, na ndiyo tuliyoacha kuisoma.

Tuanze na pepo, maana hizo ndizo zilizoujenga mwambao huu. Bara la Asia likipata baridi katika miezi ya mwisho na ya mwanzo ya mwaka, upepo hushuka kutoka huko kuja kwetu; hiyo ndiyo kaskazi. Bara hilo likipata joto, huuvuta upepo upande wa pili, kutoka kusini kupanda juu. Hiyo ndiyo kusi. Kwa kaskazi majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja na tende, mazulia na wanazuoni, na kwa kusi yakarejea na boriti za mikoko. Wazee waliigawa miezi kwa pepo hizi, na wavuvi walihesabu miongo, yaani siku kumi kumi, tangu Nairuzi, siku ya mwaka wa Kiswahili ambayo zama hizi huangukia mwezi wa Julai. Mtoto aliyelelewa pwani miaka 60 iliyopita aliyajua haya kabla ya kujua Januari na Februari.

Kaskazi hujitokeza mwishoni mwa Novemba, hushika barabara Desemba na Januari, na hulegea Machi. Bahari ya Lamu wakati huo huwa tulivu kwa kadiri bahari inavyoweza kutulia. Maji huwa maangavu, wavuvi hutoka nje ya mwamba bila hofu, nguru hupatikana kwa bei ya kuelekeana, na maembe ya kisiwani, ambayo sisi wa Mombasa huyasifu kwa shingo upande, hujaa sokoni. Ukiulizwa msimu wa bahari, huu ndio. Lakini ukiulizwa msimu wa bibi mwenye presha, mambo hugeuka. Februari na Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku hauponyi kitu. Nyumba za kale za mawe zilijengwa kwa kuta nene na kiwanda kilicho wazi katikati ili joto lipate pa kutokea. Vyumba vingi vya kukodi vilivyojengwa karibuni havina kuta hizo wala kiwanda hicho. Vina feni, na feni hutegemea umeme. Ukienda na mzee katika miezi hiyo, uliza kwanza kama nyumba ina dari ya makuti juu, mahali pa kulala penye upepo, na uulize pia ni ngazi ngapi za kufika huko.

Kaskazi ikitoka, huingia mvua ya mwaka, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita masika. Kwa Lamu kilele chake huwa Mei. Likizo ya Aprili, kwa hivyo, hutukuta mlangoni pa mvua: kuna miaka mtu hupata wiki mbili za jua, na kuna miaka watoto hushinda ndani wakigombania simu. Mitaro ya vichochoroni hujaa, mbu huzaana, na hatari ya malaria huendelea wiki kadhaa baada ya mvua kukatika. Baadhi ya nyumba za wageni hufungwa kabisa hadi Julai. Kwa mwenye kwenda kuwaona jamaa tu, mvua haina neno, na bei huwa nafuu kuliko wakati wowote. Achukue chandarua chake, asitegemee cha mwenyeji.

Kusi huanza pamoja na mvua hiyo, na nguvu zake hasa ni Juni, Julai na Agosti. Hewa huwa baridi kidogo, nyuzi 27 au 28 mchana, na usiku mtu hujifunika shuka kwa raha. Wazee huipenda. Bahari, hata hivyo, haimpendi mtu. Mfereji baina ya Mokowe na mji wa Lamu umekingwa, wala hauna shida kubwa. Lakini ukitoka kwenye mlango wa Shela kuelekea baharini, au ukichukua boti ya safari ndefu ya kwenda visiwa vya juu, utayaona mawimbi. Ufuo mrefu wa Shela, kilomita 12 za mchanga mtupu, haukukingwa na mwamba kama fuo zetu za Nyali na Diani, kwa hivyo wimbi la bahari kuu humfikia mwogaji moja kwa moja. Jambo hili wageni wengi hawalijui, na wenyeji wa Mombasa ndio hawalijui zaidi, kwa kuwa tumezoea bahari iliyofungwa kwa mwamba, tukadhani zote ni hivyo.

Septemba na Oktoba kusi hupungua. Wakati huo huitwa demani. Baadaye pepo hubadilika-badilika, chombo kikaweza kwenda na kurudi, ndipo wakasema ni tanga mbili. Bahari imeshatulia, jua halijawa kali, wageni hawajajaa, na bei hazijapanda. Kwangu mimi hakuna wakati bora kuliko huu kwa maharusi wanaotafuta fungate, kwa wastaafu, na kwa mama na baba ambao watoto wao wameshaota mbawa. Ila shule ziko wazi, na kumtoa mtoto darasani kwa ajili ya ufuo ni jambo ambalo sitalishauri katika kurasa hizi.

Iliyobaki ni vuli, mvua ndogo ya Oktoba hadi Desemba. Lamu huipata kwa uchache kuliko Mombasa, na kwa uchache zaidi kuliko Unguja na Pemba, ambako anayepanga safari anapaswa kuiheshimu. Lakini kuna miaka vuli huja kwa ghadhabu. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Garsen kwenda Lamu, na abiria wa mabasi wakakwama. Kwa hivyo mwenye kusafiri Novemba asitazame wingu la Lamu peke yake; atazame pia habari za Mto Tana, kwani mvua iliyonyesha milimani ndiyo inayokuja kumkuta Garsen.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika likizo ya Agosti, tulikwenda Lamu watu tisa: mama yangu, dada yangu na mimi, na watoto wetu sita. Baba zao walibaki Mombasa kazini. Tulikodi nyumba Shela, na kwa kuwa tulitaka watoto wa kike nao wapate kuoga bahari kwa sitara, tukafanya mpango ambao tuliuona wa werevu sana. Tutaswali alfajiri, tutashuka ufuoni kungali na kiza chepesi, tutaoga kabla ya wanaume na wageni kuamka, na jua likichomoza tutakuwa tumeshajifunga leso zetu tunarudi kunywa chai. Akina mama wengi wanaosoma haya wamefanya hivyo hivyo, Shela au kwingineko. Ndiyo saa yetu.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Siku ya pili, saa kumi na mbili na nusu hivi, binti wa dada yangu, aliyekuwa na miaka 14, aliingia maji ya kiunoni pamoja na wenzake. Alivaa dera. Sikuona wimbi lolote kubwa. Nilichoona ni kwamba wenzake walikuwa wakicheka mahali pale pale, naye yuko mbali kidogo, kisha mbali zaidi, anapunga mkono, na mimi nikadhani anacheza. Dada yangu ndiye aliyepiga ukelele. Mkondo ulikuwa unamchukua kumpeleka kwenye mlango, na huko nje mawimbi ya kusi yalikuwa yakisimama wima. Dera limejaa maji. Hawezi kurusha mikono wala miguu.

Mvuvi mmoja mzee alikuwa akirudi na mtumbwi wake, akijivuta kando kando ya ufuo. Alimwona kabla hatujamwita. Hakumrukia. Alimwelekezea kafi, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwagiza mtoto dukani, ashike na asiachie. Akamleta hivyo hivyo, ameshika kafi, hadi kwenye maji ya magoti. Binti alitapika maji, akalia, akawa mzima. Alhamdulillahi.

Tulikuwa tunatetemeka sote. Yule mzee hakutulaumu kwa kuoga wala kwa mavazi. Aliniuliza swali moja.

“Leo mwezi ngapi?”

“Kumi na nne, baba. Agosti.”

“Sikukuuliza wa Agosti, mwanangu. Nakuuliza mwezi wa juu.”

Sikujua. Mama yangu, aliyekuwa ameketi mchangani amemshika mjukuu wake, ndiye aliyejibu: “Kumi na sita. Mfungo Nne.” Alijua kwa sababu jana yake alikuwa amemaliza kufunga siku nyeupe, ile sunna ya tarehe 13, 14 na 15 ya kila mwezi.

“Basi ni bamvua,” yule mzee akasema, “na maji yanakupwa tangu alfajiri.” Akageuza mtumbwi wake. Mama hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani, na aliposema ilikuwa ni kujilaumu mwenyewe: hesabu alikuwa nayo mkononi, na yeye ni mtoto wa mvuvi.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu tangu siku ile nimeuliza wavuvi, manahodha na walimu wa jiografia, na wote wamenipa hesabu moja, rahisi kiasi kwamba inaweza kuandikwa nyuma ya bahasha. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, na maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ni bamvua: takriban tarehe 1 hadi 3 ya mwezi wa Kiislamu, na tena tarehe 14 hadi 17. Tofauti ya kimo baina ya maji makuu na maji ya chini huweza kufika mita 3 au zaidi, na maji yote hayo hupita kwenye milango myembamba kama ule wa Shela. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hupingana, na maji hupanda kidogo na kushuka kidogo. Hayo ni maji mafu: tarehe 7 hadi 9, na tena 22 hadi 24.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalotuhusu sisi akina mama. Katika mwambao wetu siku za bamvua maji hujaa kabisa karibu na saa kumi, ya usiku na ya alasiri, na hukauka karibu na saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Maana yake ni kwamba siku za bamvua, unapomaliza kuswali alfajiri na kushuka ufuoni, maji yameshaanza kuondoka, na jua linapochomoza yanaondoka kwa kasi, yakielekea bahari kuu. Ikiwa ni msimu wa kusi, mkondo unaotoka hukutana na upepo unaoingia, na mawimbi hupandana pale pale mlangoni. Saa tunayoichagua kwa ajili ya sitara, katika siku zile, ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Siku za maji mafu hesabu hugeuka. Maji huwa yamekupwa katika usiku wa manane, na baada ya alfajiri huwa yanajaa taratibu, yakija ufuoni, hadi saa nne hivi. Mkondo huwa dhaifu. Mwenye kutaka kuoga na mabinti zake kwa sitara na achague tarehe 7 hadi 9 au 22 hadi 24, na hata siku hizo akae pale ambapo maji hayavuki kiuno cha mtoto, mtu mzima mmoja abaki mchangani macho wazi, na dera lisiingie baharini. Kuna mavazi ya kuogea ya stara, ya kitambaa kisichonywa maji, suruali na kanzu fupi na kilemba chake. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na yale tuliyoyaona.

Hesabu hiyo hiyo husaidia katika matembezi mengine. Wanaotaka kuwaonyesha watoto magofu ya Takwa, katika kisiwa cha Manda, hawana budi kungoja maji yajae, kwani boti hupita ndani ya mikoko kwenye mfereji ambao maji yakikupwa hubaki tope. Ni mji wa Kiislamu ulioachwa katika karne ya 17, na msikiti wake wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla bado umesimama. Watoto wangu waliofikiri historia ni jambo la vitabu waliinyamazia nguzo ile. Mkanda, njia nyembamba ya vyombo baina ya Manda na bara, nao una saa zake. Matondoni, kwa mafundi wa majahazi, mtu huweza kwenda hata kwa punda. Nahodha akikuambia twende saa hii na si saa ile, usimshuku kwamba anakwepa kazi.

Kalenda ya mwezi ina jambo jingine tunalolisahau tunapopanga safari ya mwaka ujao kwa kutazama ya mwaka jana. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko wa jua, kwa hivyo ibada zetu huzunguka misimu yote ya pepo katika muda wa miaka 33 hivi. Mwenye umri wa kuwa bibi ameshafunga Ramadhani katika kusi, katika mvua, na katika joto la kaskazi. Miaka hii Ramadhani iko katikati ya kaskazi na inarudi nyuma: mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na mwaka 2030 itatufikia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Kwa maneno mengine, ile miezi ambayo mawakala huisifu kuliko yote ndiyo inayochukuliwa na mfungo, mwaka baada ya mwaka. Wako wanaofurahia Ramadhani Lamu, na mimi ni mmoja wao. Usiku baada ya tarawehe mji wote huwa macho, na kisimani kwa jirani hupiti bila kupewa kitu cha kuonja. Lakini hiyo ni safari ya ibada na ya jamaa. Anayekwenda kwa ajili ya bahari na asafiri kabla.

Kwa wenye kuhudhuria Maulidi katika Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, hesabu ni mwisho wa Mfungo Sita. Mwaka 2026 hiyo ni Septemba, shule zikiwa zimeshafunguliwa; lakini kufikia 2028 siku hizo zitarudi hadi wiki ya tatu ya Agosti, na kama kalenda ya shule haitabadilishwa, watoto watakuwa likizoni. Nyumba za kukodi zitakuwa adimu na jamaa wa Lamu watakuwa na wageni hadi barazani. Wenye nia waanze kuweka akiba na kuzungumza na wenyeji mapema, wala wasiwafikie watu kwa ghafla na watoto sita na kapu moja la mikate.

Kuhusu safari yenyewe nina machache. Basi la Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe. Kuna ukaguzi wa usalama njiani, kwa hivyo vitambulisho vya watu wazima viwe mkononi, visiwe ndani ya begi lililo chini ya begi. Toka mapema, ufike Mokowe mchana. Upepo wa kusi huongezeka nguvu kadiri siku inavyokwenda, na gati lenye giza si mahali pa kumshusha mama mzee. Usikubali kupanda boti iliyojazwa kupita kiasi, wala isiyokuwa na majaketi ya kujiokolea ya kutosha watu wote, pamoja na ya saizi ya mtoto. Nahodha ataona unamchelewesha. Mwache aone. Ama swala, umbali wa Mombasa hadi Lamu unatosha kwa kukusuru na kujumuisha njiani. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kunuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, huswali kwa ukamilifu anapofika. Mwenye mas’ala ya ziada amuulize shekhe wake kabla ya kutoka, kwa kuwa ndani ya basi kila mtu ni mufti.

Ukiniuliza mimi, basi, familia yenye watoto wa shule na mzee mmoja iende Lamu baina ya wiki ya mwisho ya Novemba na katikati ya Desemba. Mtihani wa KCSE umekwisha, kaskazi imeanza lakini joto halijafika kileleni, vuli inapungua, na wageni wa Krismasi, ambao hupandisha bei za vyumba na kuujaza ufuo wa Shela watu wa kila vazi, hawajashuka. Ndani ya wiki hizo chagua siku za maji mafu. Kwa mwaka 2026, kwa kutegemea muandamo, tarehe 22 hadi 24 ya Mfungo Tisa itaangukia siku za mwanzo za Desemba, na huo ni mpangilio mzuri kiasi kwamba dada yangu ameshazungumza na mwenye nyumba.

Mama hatakuwepo; magoti yamekataa basi. Lakini kalenda ya msikiti amekwisha kuipiga duara kwa kalamu ya risasi, na binti yule, ambaye sasa ni mwanafunzi wa chuo, ndiye aliyepewa kazi ya kutuamsha alfajiri na kutuambia, kabla mtu hajachukua leso yake, leo ni mwezi ngapi.